Jiwe la Kufulia la Nazmiyya

Washenga wangefika baada ya alasiri, na Wasfi alikuwa bado uani, amepiga magoti mbele ya jiwe la kufulia, akilimiminia sabuni ya moto aliyotoka nayo kiwandani ndani ya ndoo. Aliisambaza kwa mwiko mpaka maandishi yaliyochongwa juu yake yote yakazama.

“Wewe mwanamume una nini leo?” dada yake Bahija alimpigia kelele kutoka jikoni. “Wageni wako njiani, wewe unahangaika na jiwe!”

“Nalisafisha.”

“Unalisafisha au unalizika?”

Wasfi akaendelea kusambaza. Kazi yake Wasfi ilikuwa kugonga mihuri. Sabuni ya mafuta ya zeituni ilipoganda sakafuni, alichuchumaa juu yake na nyundo mbili, akagonga jina la kiwanda kipande kwa kipande. Mikono yake iliaminika mji mzima. Yeye mwenyewe hakumwamini mtu. Muuza kunafa, ule mkate mtamu wa jibini, akimwongezea kipande, alikigeuza kwanza aone kuna nini chini.

Tangu mkewe Nazmiyya afariki, shaka ilizidi. Na mwezi uliopita ilipata chakula.

Siku moja Muhannad, mwalimu kijana wa historia, alikuja na mama yake kumwona Rudaina, binti pekee wa Wasfi. Baada ya kula alikwenda uani kunawa, na Wasfi, dirishani, alimwona akiinama kwenye lile jiwe ambalo marehemu alifulia maisha yake yote. Kijana alipapasa zile herufi ambazo hakuna jirani aliyewahi kuzisoma. Kisha akatoa simu, akapiga picha.

Aliporudi akauliza, “Ami, wewe jina la mji wetu, Nablus, ulielezwaje?”

Wasfi akamwambia alichoambiwa na bibi yake. Bondeni hapa palikuwa na nyoka, jina lake Lus. Watu wakamuua, wakamng’oa jino, wakalitundika mlangoni mwa mji. Nab ni jino: nab Lus, jino la Lus, ndiyo Nablus.

“Hadithi tamu,” Muhannad alitabasamu. “Lakini jina ni la Kigiriki. Neapolis. Maana yake mji mpya.”

Mpya! Katika nyumba ambayo babu wa babu yake aliikuta tayari imezeeka! Wasfi alitafuna neno hilo wiki nzima kama mchele wenye mchanga. Aliwajua watu wa namna hiyo. Shemeji yake alikuwa na mizeituni kilimani. Kwanza walikuja walowezi na jina la zamani la kile kilima, kisha wakaja na ramani, kisha na uzio. Sasa huyu amekuja na jina, na picha amekwisha kuipiga. Wasfi aliogopa, tena kuliko alivyokubali kuonyesha. Alihofia kwamba binti yake amegeuzwa ufunguo wa nyumba yake.

Washenga wakafika, wakapita uani, wakaketi sebuleni. Kahawa ikaletwa. Haji Shafiq, ami yake Muhannad, akakiweka kikombe mbele yake bila kukigusa, na wenzake wakafanya vivyo hivyo, kwa sababu kahawa ya posa hainywewi mpaka baba wa binti aseme “kunyweni”. Haji akamtaja Mungu, akamsifu Rudaina, akaomba.

Wasfi akaitazama kahawa. Mvuke wa vikombe ukapungua, ukaisha.

“Nina swali kwa kijana,” alisema hatimaye. “Umekuja kwa binti, au umekuja kwa jiwe?”

“Jiwe gani tena, Abu Rudaina?” Haji Shafiq alishtuka.

Muhannad aliiva masikio kwa aibu. “Nimeona umelifunika, ami.”

“Nimelifunika. Ile picha umempa nani?”

“Amenipa mimi.” Rudaina alikuwa amesimama mlangoni. Bahija alimvuta mkono wa gauni, lakini maneno yalikwisha kutoka. “Mimi ndiye niliyemwomba, baba. Mama kila akifua alipitisha kidole pale, ananiuliza, hivi hili linasemaje? Nikamwahidi nitamtafutia wa kumsomea. Akafa sijamtafutia.”

Wasfi akamgeukia kijana. “Haya. Linasemaje?”

“Ni jiwe la kaburi, ami, kwa Kigiriki. ‘Zenon wa Neapolis amemwekea mkewe Irene.’” Muhannad alisita, akamtazama Rudaina, kisha akamtazama mzee. “‘Hukumuudhi mtu. Kwaheri.’”

Fundi wa makaburi alipomuuliza Wasfi aandike nini chini ya jina la Nazmiyya, Wasfi alikosa la kusema. Mpaka leo pale chini pako wazi.

“Hukumuudhi mtu,” alirudia. “Wangu aliniudhi kila siku.” Alikohoa, akaitafuta sauti ya ukali. “Ifute hiyo picha.”

Muhannad akaifuta mbele ya wote, kwa uso wa mtu anayeng’olewa jino. Wasfi akaichukua simu, akaikagua mbele na nyuma kama kipande cha kunafa, akairudisha.

“Kunyweni kahawa yenu.”

Ilikuwa baridi kabisa. Haji Shafiq aliimeza yote kwa mkupuo, akakunja uso, na jikoni Bahija akaachia vigelegele alivyovibana tangu asubuhi.

Wageni walipokuwa wakiondoka, Wasfi alisimama karibu na jiwe mpaka wa mwisho akatoka. Jua lilikuwa bado ukutani. Sabuni imeganda. Akapitisha kisu ukingoni, akaibandua nzima, akaigeuza.

Herufi zilikuwa zimesimama kinyume, kama za muhuri wa nyundo yake. Mstari wa kwanza ulionekana, na wa pili. Chini ya hapo palikuwa laini tupu. Akainama kwenye jiwe lenyewe, akapapasa. Hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja. Nazmiyya alikuwa ameumaliza mstari wa mwisho wote kwa kidole chake.

Sasa lile ‘Hukumuudhi mtu’ yule kijana alilisoma wapi?

“Baba?” Rudaina aliita kutoka ndani, na sauti yake ilikuwa bado inacheka. “Kuna nini huko?”

Wasfi akatazama mlango aliotokea Muhannad. Kisha akakata ule upande usio na herufi, akaufunga kwenye leso, akautia mfukoni.

“Hakuna kitu,” alisema. “Nasafisha.”