Mkwe Aliyetaka Kubishiwa

Katika nyumba ile, mtu asiye na mchezaji wake hakuwa na la kusema sebuleni. Majirani walikuwa na timu zao za kandanda; wao walikuwa na mpira wa vinyoya, ule wa raketi nyembamba na wavu katikati, na waliushikilia kama mali ya urithi. Mama mkwe, mkunga wa hospitali mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima, alikuwa na Nyundo. Baba mkwe, fundi lifti mstaafu, alikuwa na Goti. Wifi, muuza miwani, alikuwa na Kinyonga. Majina hayo waliyatunga wenyewe, na wale wanadada waliokuwa wakizunguka dunia kwa mashindano hawakujua hata kidogo kwamba wana ndugu wa aina hii.

Na walivyokuwa wakibishana!

"Nyundo wako ana bega tu," wifi angeanza. "Ukimvuta mbele karibu na wavu anaduwaa, hajui hata miguu aiweke wapi."

"Bega hilohilo litamfikisha namba moja duniani, na utakuja kuniomba radhi," mama mkwe angejibu. "Huyo Kinyonga wako danganya toto tu. Vijanja viwili vitatu vya pale mbele, gemu ya tatu ikifika ulimi nje."

"Ana miaka kumi na tisa, mama! Pumzi inatafutwa. Ujanja mtu anazaliwa nao."

"Wote hao wamejifunza kwa Goti," baba mkwe angedakia. "Goti anacheza kwa kichwa. Anajua kinyoya kitatua wapi kabla hakijapigwa."

"Anajua, ila hafiki," mama mkwe angemkata. "Msimu huu ukiisha, mpe mkongojo apumzike."

Hapo mito ya kochi ingerushwa, baba mkwe angesusa chai kwa dakika mbili nzima, na wote wangecheka hadi wakohoe. Bibi Harusi alikuwa akiyatazama hayo kutoka kiti kizuri kuliko vyote, kikombe kikubwa kuliko vyote mkononi, na roho ikimuuma kwa wivu.

Alikuwa ameolewa na kitinda mimba wa nyumba hiyo, fundi umeme mpole, miezi minne iliyopita, lakini bado walimwita Bibi Harusi utadhani shela liko kichwani. Yeye alikuwa dereva wa mashine ya kunyanyulia mizigo kwenye bohari, mwanamke wa mabuti na kofia ngumu, tena aliyekulia katikati ya kaka wanne. Kwao walibishana juu ya kila kitu, kuanzia nani kamaliza sukari hadi kama mvua itanyesha, na mtu asiyebishiwa alijua kuna jambo baya amefanya. Hapa ukweni akisema neno, lolote lile, wote waliitikia, "Kweli kabisa." Akisema leo joto, kweli kabisa. Siku moja kwa makusudi alisema joto hilohilo ni baridi, na mama mkwe akainuka kumletea shali.

"Wanakuheshimu," mume wake alimwambia.

"Nimechoka na heshima. Mgeni ndiye anayeheshimiwa hivyo. Nitakuwa mgeni mpaka lini?"

Ndipo mume alipomweleza. Mke wa kaka yake mkubwa naye alikuja na mchezaji wake, na mama akamwambia usoni kwamba huyo mchezaji anacheza kama anafukuza nzi. Shemeji alilia, akafunga mkoba, na tangu siku hiyo anakuja kwa salamu tu, tena kwa ratiba. Mama alikosa usingizi kwa jambo hilo. Akaapa kwamba kwa mkwe wa pili atafunga mdomo hata kama utaota kutu.

Bibi Harusi akaona dawa ni kusema wazi. Akamfuata mama mkwe jikoni, akamwambia, "Mama, mimi napenda kubishiwa. Nibishie tu."

"Sawa, mwanangu," mama mkwe akasema kwa upole. "Nitakubishia."

Hakumbishia. Mkwe amepewa jibu zuri hivyo, angedai nini zaidi?

Basi akatafuta mchezaji. Akamchagua mmoja aliyekuwa mbali huko chini kwenye orodha ya dunia, ambaye hakuna mtu aliyemtaka, akamwita Karani. Alianza kwa uchokozi, lakini kadiri alivyomtazama alimpenda kwelikweli. Karani hakuwa na kombora la kutisha mtu. Alichokuwa nacho ni kwamba kila akishapiga alirudi katikati ya uwanja, kwa utaratibu, bila kungoja kuona kama pigo lake limezaa matunda. Alirudisha kinyoya, akarudi, akarudisha, akarudi, mpaka mwenzake akaishiwa subira na kufanya upuuzi. Mtu anayeendesha mzigo mzito kwenye njia nyembamba anajua thamani ya mwenzake asiye na papara.

"Karani atachukua ubingwa mwaka huu," akatangaza, akisubiri mvua ya mawe.

Wifi akapaliwa na chai. Baba mkwe akatazama dari.

"Mungu akipenda," mama mkwe akasema.

"Na hilo kombora la Nyundo, mimi naona ni la kuulia mbu."

Mshipa ukamtoka mama mkwe kwenye shingo, wote wakauona. "Kila mtu na jicho lake, mwanangu," akasema. "Nikuongeze chai?"

Usiku huo Bibi Harusi alimwambia mume wake kwamba anafikiria kuacha kwenda kule kutazama mpira. Atakuwa anapita kwa salamu tu. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomtisha mume.

Lakini Karani naye alikuwa na mambo yake. Katika mashindano makubwa ya msimu akamtoa Goti, akamchosha Kinyonga hadi mtoto wa watu akaketi sakafuni, na Jumamosi mchana akajikuta kwenye fainali na Nyundo. Kutokwenda siku hiyo kungekuwa matusi, kwa hiyo Bibi Harusi alikwenda. Akawekwa kwenye kiti chake kizuri.

Nyundo alishinda gemu ya kwanza kwa makombora. Karani akachukua ya pili kwa kumkimbiza huku na huku. Kila Karani alipopata pointi, mama mkwe aliuma meno na kusema, "Hongera, mwanangu," kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimeshuka shingoni na alikuwa akitafuna ncha yake. Gemu ya tatu ikafika ishirini kwa ishirini. Karani akapiga kinyoya cha juu, kirefu, kikatua nyuma kabisa, pale kwenye mstari. Mwamuzi akasema kimetoka. Karani akanyoosha mkono kuomba picha irudiwe.

"Kimeingia," Bibi Harusi akasema.

"Kimetoka," mama mkwe akasema.

Mama mkwe akaziba mdomo kwa mikono miwili, macho yamemtoka.

"Umesemaje, mama?"

"Sijasema kitu, mwanangu. Labda kimeingia."

"Hapana." Bibi Harusi alikuwa ameshasimama. "Umesema kimetoka. Mama, nakuomba. Sema tena."

Mama mkwe akamtazama mumewe, akamtazama mwanawe. Kisha akavuta pumzi mpaka tumboni.

"Kimetoka! Kimetoka wazi, hata kipofu amekiona! Na huyo Karani wako miezi yote hii ananiudhi, anarudisha, anarudisha, anacheza au anapanga vyombo kabatini? Hana kombora! Hana mkono wa nyuma! Eti la kuulia mbu! Nyundo? Wewe umewahi kuliona bega lile likishuka?"

"Nimeliona, mama, na nimeona linavyochoka! Baada ya saa moja Nyundo anapiga kwa bega anakosea kwa miguu, na wewe unajua, ndiyo maana unakula kitambaa!"

"Nakula kitambaa kwa sababu yako! Unakaa hapo kwenye kiti changu…"

"Mimi nimekiomba? Nimechoka nacho, kinaniumiza mgongo!"

"Mgongo unakuuma kwa mabuti yale unayovaa! Na macho yako hayaoni mstari mweupe mpana kama barabara, nenda dukani kwa wifi yako akupime!"

"Nitampima bure," wifi akasema kwa kicheko, machozi yakimtoka.

Walikuwa wamesimama pua kwa pua, mikono hewani, na Bibi Harusi alijisikia mwepesi kuliko siku ya harusi yake. Walipokumbuka runinga, wale wachezaji wawili walikuwa wamekumbatiana kwenye wavu.

"Nani kashinda?" wakauliza pamoja.

Hakuna aliyejua. Baba mkwe, wifi na fundi umeme, wote walikuwa wakiwatazama wao. Ikabidi wasubiri hadi kombe litolewe, nalo likaenda kwa Nyundo. Mama mkwe akapiga kigelegele kilichovuka ukuta wa jirani. Bibi Harusi alifungwa, na hakuweza kufuta tabasamu usoni.

Jumatatu, akiwa bohari na shehena ya mabati imeinuliwa mbele yake, simu ikaita. Akateremsha mzigo kwanza.

"Halafu jambo jingine," mama mkwe akasema, hakuna salamu, hakuna habari za kazi. "We mtoto, huyo Karani wako msimu ujao hafiki hata nusu fainali. Wameshamsoma."

"Mama, niko kazini."

"Najua uko kazini. Zima hilo limashine, unisikilize."

Akazima. Akaegemea usukani, machozi yanamlengalenga na meno yote nje, wenzake wakimshangaa.

"Hayo unayosema ni upuuzi mtupu, mama," akasema. "Endelea."