Nusu Ndevu za Mkurugenzi

Mlangoni petu tumeandika "Kituo cha Utamaduni". Tungeandika "Ubalozi", wenyeji wetu wangetufungia kabla rangi haijakauka, maana kwao nchi yetu haipo. Ina bunge, ina polisi, inatoza kodi hata ya mbuzi, lakini haipo. Shemeji yangu, mke wa kaka, ndiye balozi. Mimi ni dereva, mlinzi na mpishi, na mshahara wangu nao haupo.

Asubuhi ile simu ililia kutoka uwanja wa ndege. Binti wa kaka yake shemeji, aliyekuja kusomea uuguzi, amezuiwa; pasipoti yetu wameigeuzageuza kama noti bandia. Ndege ya jioni ingempeleka kwa jirani anayedai sisi ni mkoa wake. Baba yake binti alikuwa gerezani huko huko, kwa kusema sisi si mkoa.

"Washa gari, shemeji."

"Wizarani? Walinzi wa pale wamenifukuza mpaka tumezoeana."

"Kwa kinyozi."

Mkurugenzi wa mambo ya nje hakuweza kutupokea ofisini, kwani kutupokea ni kututambua. Lakini kila Ijumaa hunyolewa. Tulimkuta kalala kitini, shavu moja safi, la pili limejaa povu. Shemeji akavuta kiti, akaketi mbele yake.

"Mama, hatujaonana," mkurugenzi akasema.

"Hatujaonana kabisa, baba. Mwanangu yuko uwanjani."

"Nimesikia. Aandike tu kuwa ni raia wa wale jirani zenu, ataingia sasa hivi."

"Baba yake kafungwa kwa kukataa maneno hayo. Yeye ayaandike?"

"Basi sina la kufanya."

"Unalo. Kinyozi, hebu pumzisha wembe."

Kinyozi akanitazama. Mimi nikatazama dari. Macho ya shemeji nayajua. Wembe ukawekwa mezani.

"Nina kikao na waziri," mkurugenzi akasema.

"Nenda, baba. Nani kakushika?"

Povu likaanza kukauka. Nikamwambia, kwa nia njema kabisa, kwamba ule upande mmoja umempendeza. Hakunishukuru.

"Mnataka niitambue nchi nikiwa kwenye kiti cha kinyozi?"

"Nchi tutaidai siku nyingine, na tutaidai. Leo namtaka msichana. Mpeni kibali kwenye karatasi ya pembeni, pasipoti msiiguse. Penye uraia paacheni wazi."

"Wakubwa wataniuliza."

"Utawajibu hujui. Si ndivyo mnavyotujibu sisi miaka yote?"

Kinyozi akageukia ukutani, mabega yakimtikisika. Mkurugenzi alijitazama kwenye kioo, kisha akanyoosha mkono akaomba apewe simu yake.

Alasiri binti akatoka akiburuta sanduku, karatasi mkononi.

"Shangazi, pasipoti hawakuigonga muhuri. Sasa nipo hapa au sipo?"

"Upo," shemeji akasema, akimpokea sanduku. "Na Jumatatu una darasa. Panda gari."