Vumbi la Kwenu

Kwa miaka minne, kila Jumatatu, Uluriak alipanda ngazi ya duka la ushirika la kijiji chao, kaskazini ya mbali kwenye theluji, kubadilisha kichujio cha mashine ya kupima vumbi iliyofungwa juu ya paa. Alijitolea mwenyewe, tangu theluji ya kule mtoni, wanakochukua watu barafu ya kuyeyusha kwa chai, ilipoanza kuwa nyekundu kama kutu. Mgodi wa chuma ulikuwa nyuma ya mlima tu. Wataalamu wa kupima hewa walipoleta mashine, aliwaomba waifunge mtoni. Wakamwambia mtoni hakuna umeme.

Mwaka wa nne mgodi ukaomba kibali cha kuongeza malori, na mkutano ukaitishwa ukumbini. Uluriak alikaa mstari wa mbele, akifurahi kwamba namba zake sasa zitasikika.

Msemaji wa mgodi, kijana mpole, akaonyesha mchoro ukutani. "Namba hizi si zetu, ni zenu. Amezikusanya Mama Uluriak. Tazameni, vumbi linapanda saa sita mchana na saa kumi na moja jioni, mnaporudi nyumbani na pikipiki zenu za magurudumu manne. Hili ni vumbi la barabara yenu."

Uluriak akainuka. "Mashine iko juu ya duka, kando ya barabara! Mtoni je?"

"Mtoni hatuna takwimu, Mama. Ukiwa nazo, tutazisoma."

Nyuma mtu akaangua kicheko.

Shangazi yake, Attuat, aliyekuwa akikohoa tangu majira ya baridi, alimsubiri mlangoni. "Kumbe muda wote huo kule juu ulikuwa unatupeleleza sisi?"

"Hata wewe, Shangazi?"

"Nasema walilosikia wote. Kesho dukani nakwenda kwa miguu, mapafu yakikubali, nisije nikaandikwa."

Kibali kilitoka kabla bahari haijaganda. Kijiji kililetewa chumvi ya kumwagia barabara ili kutuliza vumbi, na bango la kuwataka wenye pikipiki wapunguze mwendo. Uluriak akaandika barua mashine ihamishwe. Wataalamu wakajibu kwa adabu kwamba ikihamishwa, namba mpya hazitaweza kulinganishwa na za zamani. Wakamshukuru kwa uaminifu wake.

Jumatatu iliyofuata aliweka ufunguo wa paa mbele ya meneja wa duka.

"Sasa nani atapanda?" meneja akauliza.

"Tafuta mtu asiye na ndugu hapa," alisema Uluriak, akatoka.