Kipimo Kabla ya Harusi

"We Fundi! Toa pini mdomoni!"

Fundi aliduwaa. Pini zilikuwa zimepangwa katikati ya midomo yake, wala hakukumbuka amezitia saa ngapi. Walikubaliana wasile, wasinywe, wasitie chochote kinywani hadi wapime mate, na yeye ndiye aliyekuwa mkali. Mwashi, mchumba wake, alinyimwa hata chai. Kumbe mwenyewe amekaa kwenye cherehani akipinda gauni lake la harusi, na mazoea ya kazi yamemzidi ujanja.

"Basi tunaanza kusubiri upya," Mwashi alisema, akicheka mpaka akashika mbavu. "Na chai inazidi kupoa."

"Ipoe tu. Nani alikufa kwa kukosa chai?"

Lakini moyo wake haukuwa kwenye mzaha. Harusi ilikuwa Jumamosi. Mume wake wa kwanza alikufa kwa ugonjwa ambao nyumbani haukutajwa jina, na miaka yote ya ujane Fundi aliinamisha kichwa, akashonea watu nguo, asithubutu kupima. Safari hii alikataa katakata kuolewa bila kupima. Aliingia duka la dawa mchana kweupe na kusema kwa sauti mbele ya foleni nzima: "Nipe vipimo viwili vya virusi vya UKIMWI, vile vya mate." Jamani, alitoka pale akijiona mrefu!

Muda ulipotimia, kila mmoja alipitisha kijiti chake kwenye fizi, za juu kisha za chini, akakitumbukiza kwenye kichupa. Wakangoja tena.

Kijiti cha Mwashi kilitoa mstari mmoja. Cha Fundi kilitoa miwili, dalili ya virusi.

Fundi alikitazama sana, kama anayetafuta kosa kwenye mshono. Alipoongea, sauti haikutetereka.

"Kesho nakwenda zahanati wakahakikishe. Wakisema ni kweli, naanza dawa. Na wewe, Mwashi, ukitaka kwenda, nenda. Sitakushika shati. Ila mimi kwa uongo siolewi."

Mwashi alichukua kofia yake.

"Acha nikapumue kidogo," alisema, akatoka.

Fundi alilia, asikudanganye mtu. Alilia akiwa amekaa wima.

Asubuhi alivaa gauni la bluu, lile analolivaa akienda kupokea tenda ya sare, akafunga mlango. Mwashi alikuwa amesimama barabarani, macho mekundu, shati limepigwa pasi upande mmoja tu.

"Hukulala," Fundi alisema.

"Nilale nini? Niliogopa, Fundi. Naogopa hata sasa. Twende."

"Kuna mlango wa nyuma," Mwashi aliongeza walipokaribia zahanati. "Huko hakuna watu."

"Pita wewe. Mimi si mwizi."

Wakapita mbele, wote wawili. Na mtu wa kwanza kwenye benchi alikuwa dada yake Mwashi, amempakata mtoto mwenye homa. Yule dada mwenye mdomo ambao mtaa mzima unaujua!

"Wifi! Harusi kesho kutwa, huku mmefuata nini?"

Benchi zima likageuka. Mwashi alikohoa, akaanza: "Tumekuja tu ku..."

"Nimekuja kupima virusi, wifi," Fundi alisema, kichwa juu. "Kipimo cha nyumbani kimeonyesha ninavyo. Nataka kuhakikisha, nianze dawa."

Fundi aliogopa, na chini ya hofu ile akasikia fahari, fahari tupu.

Mwashi alivua kofia. "Na mimi nimemleta mke wangu," alisema, kwa sauti ya kusikika hadi dirisha la dawa.

Dada mtu alimtazama kaka yake, kisha akamtazama Fundi. Halafu akamhamishia mtoto paja la pili, akajisogeza, na kupigapiga benchi kwa kiganja.

"Kaa basi, wifi. Foleni yenyewe ndefu."