Kiti cha Nyuma

Mgongo wa mume wangu naujua kuliko uso wake. Najua jasho linapoanzia, chini kidogo ya shingo, na najua linavyoshuka mpaka kiunoni tukipanda mlima. Najua makoti yake matatu ya manjano na mishono yake yote. Miaka kumi na tisa, kila Jumapili isiyo ya barafu, nimekaa nyuma ya Rodney kwenye baiskeli ya watu wawili, tukizunguka vijiji vya Herefordshire, hapa Uingereza, na wenzetu wa chama cha baiskeli. Mtu akiniomba nimsimulie vijiji hivyo, nitamsimulia koti.

Baiskeli ya namna hii ina mambo yake. Wa mbele anaitwa nahodha. Yeye ndiye mwenye usukani, mwenye breki, mwenye gia. Wa nyuma anaitwa mchochezi, jina la wale waliokuwa wakitupia makaa kwenye tanuri la treni, na kazi yake ni kukanyaga basi. Pedali zangu na zake zimeunganishwa kwa mnyororo, kwa hiyo miguu yake ikienda na yangu inaenda, nitake nisitake. Nikitaka kujikuna goti naomba ruhusa. Nahodha akiona shimo anapiga kelele, "Shimo!" na mimi nawapigia kelele walio nyuma yetu, "Shimo!" Miaka kumi na tisa natangaza mashimo ambayo sijawahi kuyaona.

Niliingiaje? Kwa mdomo wangu mwenyewe. Nilikuwa na baiskeli yangu ya kijani, yenye kikapu, na nilikuwa naipenda. Siku nilipotimiza miaka hamsini Rodney akaja na hii ndefu, ameifunga utepe mwekundu, uso umemng'aa kwa furaha. Akasema, "Mimi nitakaa mbele, wewe nyuma. Huna neno, au siyo?"

Nikasema, "Sina neno."

Sasa, kwetu mtu akisema hana neno, hajasema kitu bado. Ni adabu tu. Ukimkaribisha mgeni kipande cha mwisho cha keki atakataa, na wewe unajua kwamba hajakataa. Unamuuliza tena, na hiyo mara ya pili ndipo anapotoa la moyoni. Hapa kila mtu amelelewa hivyo. Nilisema sina neno, nikasubiri kuulizwa mara ya pili, na wiki iliyofuata baiskeli yangu ya kijani akapewa binti wa jirani.

Rodney si mtu mbaya, nisije nikamsingizia. Alifundisha jiografia miaka thelathini na minne, na muda mwingi alikuwa ameuelekea ubao, wanafunzi wako mgongoni kwake, naye anaongea. Akazoea. Mtu akinyamaza nyuma yake, Rodney anajua ameeleweka.

Jumapili ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya mwezi Mei. Michongoma ilikuwa imechanua pande zote mbili za njia, mirefu kiasi kwamba hata aliye mbele haoni mashamba, sembuse mimi. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Wiki moja kabla, Bronwen Pugh, anayetuongoza, alinivuta pembeni. Dada yake alifariki wakati wa baridi na aliacha baiskeli ya bluu, nyepesi, ya kimo changu hasa.

"Ukiitaka ni yako," aliniambia. "Ila nipe jibu Jumapili tukifika kwenye chai. Jumatatu nakabidhi funguo za nyumba yake, na vitu vyote viwe vimetoka."

Wiki nzima nilijizoeza jikoni. Nililiambia birika, nikamwambia paka. Nataka kuendesha baiskeli yangu. Maneno manne, hata mtoto anayaweza. Nilipanga kwanza nimjibu Bronwen ndiyo, mbele ya watu, ili nikishasema nisiweze kurudi nyuma, halafu nimgeukie Rodney.

Tulifika ukumbi wa kijiji cha Stoke Marden saa tano na nusu. Akina mama wa kanisa walikuwa wameshapanga meza: chai kwenye mabirika makubwa, skonzi za jamu, keki ya karoti. Bronwen alikuja na sahani yake akakaa karibu yangu.

"Haya bibie, sema. Unaitaka?"

Rodney alikuwa hatua mbili tu kutoka tulipo, akimweleza mtu habari za mawe ya mnara wa kanisa. Nikafungua mdomo, na yakatoka yale yale niliyofundishwa na mama yangu.

"Usijisumbue, Bronwen. Lazima yupo anayeihitaji zaidi."

Adabu tu! Jibu la kweli lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi, likisubiri aulize tena. Na Bronwen alikuwa anataka kuuliza, niliuona mdomo wake ukifunguka. Hapo Rodney akagonga kikombe kwa kijiko.

"Jamani, nina tangazo! Mwezi wa saba mimi na Marian tunatimiza miaka arobaini ya ndoa. Tutavuka kisiwa kizima, kutoka Land's End kusini mpaka John o'Groats kaskazini. Wiki tatu, juu ya baiskeli hii hii yetu!"

Watu wakapiga makofi. Mzee Cedric, mwenye miaka themanini na moja na ambaye hajawahi kuacha mzaha umpite, akasema kwa sauti, "Wiki tatu kuyaangalia matako ya Rodney! Marian, mama, kanisa likutangaze mtakatifu ukiwa hai."

"Ndiyo kwanza nasikia," nikasema, nikicheka na wenzangu.

"Nilitaka kukushtukiza," alisema Rodney. "Huna neno, au siyo, mpenzi?"

Macho ishirini yalinigeukia, mengine bado yanacheka. Nilijisikia kama niliyefungiwa ndani ya kabati na watu wanaonitakia heri.

"Sina neno," nikasema.

Bronwen alinitazama kidogo, kisha akainuka kwenda kuongeza chai. Nilimwona akiinama kuzungumza na Cedric. Mimi nilifunga nusu ya skonzi yangu kwenye karatasi nikaitia mfukoni.

Kutoka Stoke Marden kuna mlima. Baiskeli ya watu wawili ni nzito kwenye kupanda, kwa hiyo wenzetu wote walitupita mmoja mmoja, wakiniambia hongera. Tukabaki wa mwisho. Nilikanyaga na machozi yananitoka, na uzuri wa kiti cha nyuma ni kwamba hakuna anayekuona. Rodney alikuwa anaongea. Mikoa tutakayopita, mito, aina za mwamba.

Juu ya mlima njia inaingia kwenye malisho ya kondoo, na kuna geti. Kazi ya geti ni ya mchochezi: nashuka, nafungua, nahodha anapita, nafunga, napanda, tunaondoka. Na geti ni lazima lifungwe. Unaweza kusamehewa mengi huku mashambani, lakini si kuacha kondoo wa mtu wakatoka.

Nilishuka nikafungua, Rodney akapita, akasimama mguu mmoja chini. Nikawa nahangaika na komeo, limeshika kutu, halitaki kuingia.

"Tayari, mpenzi?" aliuliza.

Sikujibu, maana komeo lilikuwa limenibana kidole. Yeye akaondoka.

Mwanzoni nilidhani ananitania. Lakini baiskeli iliingia kwenye mteremko, mteremko wa maili nzima, ambao hata ukiwa umebeba mawe husikii tofauti, na koti la manjano likaanza kuwa dogo. Upepo ulikuwa unakuja kwangu, kwa hiyo nilimsikia vizuri sana. Alikuwa anaongea na mimi.

"...tukianza tarehe tatu, tutakuwa Bristol siku ya tano. Au unasemaje?"

Nilivuta pumzi nipige kelele. Rodney! Neno moja tu. Sikulisema. Sijui kwa nini, au najua. Nilisimama na kidole mdomoni nikamwangalia mume wangu akishuka na kiti kitupu, mkono mmoja unamwonyesha mtu ambaye hayupo jengo la upande wa kushoto, mpaka akapinda kona.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha kicheko kikaisha, nikaangalia huku na huku. Niliuona uwanda wote kwa mara ya kwanza, mashamba ya mitufaa yenye maua na milima ya Wales kule mwisho, na nikapata hasira ambayo sijawahi kuipata maishani, kwa sababu vyote hivi vilikuwapo kila nilipopita.

Nikasema, basi, niondoke. Niende wapi? Simu yangu ilikuwa kwenye mfuko wa usukani, maji pia. Viatu vyangu vina vyuma chini vya kunasia pedali, na kutembea navyo kwenye lami ni kuteleza hatua kwa hatua. Nilikuwa huru, na sikuweza kufika hata kwenye kona. Nikala nusu ya skonzi. Kondoo walinisogelea, wakaona sina maana, wakaondoka.

Ilipita karibu saa nzima ndipo nikawaona wakipanda, Rodney uso umeiva, anakokota ile ndefu peke yake, na Bronwen nyuma yake.

"Marian! Umenitisha! Nilidhani umeanguka mahali!"

"Uligundua lini kwamba sipo?"

Alipumua kwanza. "Njia panda. Wenzetu walikuwa wanatusubiri. Bronwen akaniuliza, mchochezi wako yuko wapi."

"Njia panda ni maili tatu, Rodney."

"Lakini tulikuwa tunaongea!"

"Nani walikuwa wanaongea?"

"Mimi na wewe. Nilikuuliza kuhusu tarehe tatu. Ukasema huna neno."

Bronwen aligeuka akaanza kuwachunguza kondoo.

"Ulinisikia nikisema?"

"Nilikusikia kabisa, ulisema..." Akakomea hapo. Aliutazama ule mteremko mrefu, halafu kiti changu, halafu geti. Sijawahi kumwona mtu akizeeka kwa haraka namna ile, na nilimwonea huruma, lakini huruma haikutosha kunifunga mdomo.

"Bronwen," nikasema, "ile baiskeli ya marehemu dada yako naitaka. Naitaka sana."

Bronwen alishika kofia yake. "Marian, ulisema nisijisumbue. Nimempa Cedric pale pale kwenye chai, kwa ajili ya mjukuu wake. Ameshampigia simu mtoto, anaruka ruka."

"Ulitakiwa kuniuliza mara ya pili!"

"Nilitaka, mwenzangu. Kikombe kikagongwa."

"Baiskeli gani?" Rodney aliuliza. "Marian, baiskeli gani? Kama ulitaka baiskeli mbona hukusema?"

"Nilikuwa nyuma, Rodney."

Nikaweka mikono yangu juu ya geti.

"Na nina neno," nikasema. "Siendi John o'Groats. Nyuma yako siendi, wiki tatu wala siku tatu. Nikienda nitaenda na yangu, na hiyo yangu nitaitafuta hata kama itachukua mwaka."

Nilisubiri aseme nimechoka, au ni jua. Alivua miwani akaifuta kwenye koti, akaivaa tena.

"Una hakika?" akauliza.

Miaka kumi na tisa. Ndiyo mara yake ya kwanza kuniuliza mara ya pili.

"Nina hakika."

"Sawa," alisema, kwa sauti ndogo.

Bronwen alitutangulia kwenda kuwaambia wenzetu wasisubiri. Zilikuwa zimebaki maili kumi na mbili kufika mji wa Leominster, mwisho wa safari, na baiskeli ilikuwa moja. Nikapanda kiti changu. Koti la manjano likakaa mahali pake, michongoma ikafunga kulia na kushoto, miguu yake ikaenda, na yangu ikaenda. Hakutaja kanisa hata moja.

Baada ya kila kona aliuliza, "Upo?"

"Nipo."

"Upo?"

"Nipo."

Nilijibu hivyo mpaka kijiji cha Kingsland, na kila nilipojibu nililiona lile jibu likianza kuwa kama yale mengine, likitoka lenyewe, likimtosha. Tulipoukaribia mto Lugg akauliza tena, "Upo?"

Sikujibu.

"Marian?"

Nikafunga mdomo. Akashika breki zote mbili, tukasimama katikati ya njia, na gari lililokuwa nyuma yetu likapiga honi. Rodney akaweka mguu chini, akageuka mzima mzima kwenye kiti chake, akaniangalia usoni.