Hofu ya Ponsian

Mwaka wa pili tangu wahamie kijiji cha ujamaa huko Usevya, Ponsian aliacha kwenda kanisani. Aliyeumia kuliko wote ni mkewe Josefina, maana Ponsian ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo.

Ilianza baada ya kaka yake, Kalisti, kuanguka kwenye jaruba la mpunga na kufa papo hapo. Jumapili moja, katikati ya misa, Ponsian alinyamaza ghafla, jasho likamtoka, akakimbilia nje ameshika kifua.

"Mama Silvesta, nakufa!" alimlilia mkewe.

Hakufa. Lakini mara ya pili ilimkuta mnadani, ya tatu njiani kwenda shambani, na tangu hapo akawa hatoki uani. Josefina alipanda mpunga peke yake. Majirani wengine walisema karogwa, wengine wakasema mvivu huyo, kapata kisingizio. Hilo la uvivu lilimkera Josefina. Kila asubuhi alimwona mumewe akichukua jembe, akifika mlangoni pa ua, akishindwa kuvuka, kisha akirudi ndani kulala, kageukia ukuta.

Mwishowe akamwita mganga wa zahanati, Osward, aliyekuja kwa baiskeli. Osward alimsikiliza Ponsian kifua kwa muda mrefu.

"Moyo wako mzima, kaka."

"Kwa hiyo najifanya?"

"Hujifanyi. Hofu nayo ni ugonjwa. Inapigisha moyo mbio, inabana pumzi, unaona kabisa kifo hiki hapa. Ila yenyewe haiui. Ikija usiikimbie. Kaa, pumua taratibu, itapita. Ukiikimbia, itakufuata mpaka kitandani."

Kesho yake Josefina akasema, "Baba Silvesta, nisindikize kwa Marsela nikaombe chumvi."

Kwa Marsela ilikuwa nyumba ya tatu tu. Walipofika ya pili Ponsian alisimama, anahema. Josefina hakumvuta. Alikaa chini kando ya njia, akapapasa nyasi pembeni yake.

"Kaa. Mimi sina haraka."

Wakakaa. Watu walipita wakawasalimu, nao wakaitikia. Pumzi za Ponsian zikaanza kutulia.

"Na mimi niliogopa," Josefina alisema polepole. "Siku ile kanisani. Nilidhani umenifia."

Ponsian alimgeukia. Miezi yote hiyo hakuwahi kufikiri kwamba kulikuwa na mwingine anayeogopa. Akamshika mkono, mchana kweupe, watu wakiona.

Walifika kwa Marsela. Wiki ile wakafika kisimani, mara mbili wakarudia njiani. Wakati wa mavuno Ponsian alivuna nusu ya shamba, akikaa chini kila hofu ilipomjia.

Jumapili moja baada ya mavuno alisimama nyuma kabisa kanisani, karibu na mlango. Wimbo alianzisha mwingine. Josefina hakugeuka kumtazama, ingawa shingo ilimwasha.

Misa ilipokwisha alimkuta nje, shati limelowa jasho.

"Imekuja mara mbili," Ponsian alisema.

"Halafu?"

"Ikapita." Akajifuta uso, akacheka kidogo. "Twende nyumbani, nina njaa."