Magoti ya Nyabiyonza

Joanitha alifungua kopo, akanusa, akalifunga. Akalifungua tena, akachovya kidole na kukisugua taratibu kwenye dole gumba. Samli. Samli ya ng'ombe ya kienyeji kabisa, imepikwa na majani ya mkaratusi mpaka inanukia kama dawa ya kweli.

"Mama," alisema, akijikaza sauti isipande. "Dawa yangu iko wapi?"

"Si hiyo umeishika?" alijibu Ma Benadeta kutoka kitini, mguu wa kulia ameunyoosha juu ya kigoda, goti limevimba, uso hana hili wala lile.

Jamani, kuna watu wana mama wanaotumia dawa kama walivyoelekezwa, na kuna Joanitha. Yeye ni mfamasia wa hospitali, kazi yake kila siku ni kuchanganya dawa za kupaka, na wagonjwa wanatoka mpaka Kyerwa kumfuata na wanamsikiliza. Mama yake mzazi, aliyemsomesha kwa kahawa ya shamba hili hili la Nyabiyonza, ndiye pekee asiyemsikiliza.

Na goti lenyewe lilikuwa limemsumbua kichwa kweli kweli. Vidonge vya maumivu Ma Benadeta hawezi kumeza, ana vidonda vya tumbo, na mara ya mwisho alivyomeza alitapika damu. Ikabidi dawa ipitie kwenye ngozi. Lakini kazi ya ngozi ni kuzuia vitu visiingie, na dawa ile peke yake ilikuwa inabaki juu juu na kuishia kwenye kitenge. Joanitha akazungumza na daktari, akasoma, akapima, akatia ndani yake mafuta kidogo ya mkaratusi. Mafuta hayo yanalegeza ngozi ya juu ili dawa ipite ifike ndani. Alimweleza mama yake vizuri kabisa: dawa ni mgeni, ngozi ni mbwa walioko getini, na mkaratusi ni yule anayewafunga mbwa mgeni apite.

Na ilifanya kazi. Goti lilinywea, Ma Benadeta akaenda kanisani bila fimbo. Kisha likavimba upya, na tangu hapo Joanitha alikuwa halali vizuri, akidhani amekosea vipimo. Kumbe vipimo vilikuwa sawa. Tatizo lilikuwa limekaa hapa kitini.

"Nani umempa dawa, Mama?"

"Kidogo tu. Speciose."

"Nani mwingine?"

"Na wale wa jumuiya. Kijiko kijiko. Kopo likapungua, nikajua utafoka, nikaongezea samli na majani. Harufu si ile ile?"

"Mama, mkaratusi siyo dawa. Mkaratusi unafungua njia tu. Sasa umefunga mbwa na mgeni mwenyewe hayupo."

"Mbona ndio unaonukia?"

Joanitha alikaa kwenye mkeka. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu, kama shangazi Speciose alipaka gotini tu.

"Gotini. Na shavuni kidogo, jino lilikuwa linamsumbua."

Hapo alishika kichwa. Alichoka. Kuna uchovu wa kazi, unalala unapona, na kuna uchovu wa kuwa na mama kama huyu.

Maana hii haikuwa wiki ya mchezo. Jumamosi wageni walikuwa wanakuja kutoka Kibingo kumposa Joanitha kwa ajili ya Jovin, na mama wa binti huwapokea wakwe kwa kupiga magoti. Joanitha alishamwambia mara nyingi kwamba ni mgonjwa, akae, hakuna atakayemlaumu. Ma Benadeta alimjibu mkato kwamba hawezi kumtoa mwanawe kwa watu akiwa amekaa kitini kama mwenyekiti wa kijiji. Mumewe alishafariki, binti ndiye huyu mmoja, na siku ya kupiga magoti kwa ajili yake ni hiyo moja tu. Basi ndiyo ikatafutwa dawa. Na dawa ndiyo ikagawiwa kijiko kijiko.

"Kwa nini, Mama? Nilikusihi usigawe. Nilikusihi kabisa."

Ma Benadeta alilitazama goti lake. "Siku hiyo tutakuwa mstari mmoja, mimi na shangazi zako na wenzangu wa jumuiya," alisema. "Mimi nishuke, Speciose abaki wima mbele ya wakwe? Wakirudi Kibingo watasema nini? Kwamba hapa wanawake wamekosa adabu, au kwamba mwenye binti mfamasia amejitibu peke yake?"

Joanitha alilichukua kopo la samli akasimama.

Alirudi hospitali akatengeneza kopo jipya. Jioni yake akampaka mwenyewe, lakini alijua dawa haiwezi kufanya kazi ya wiki nzima kwa siku chache. Alimwomba mama yake, karibu kwa machozi, kwamba Jumamosi asishuke. Ma Benadeta alisema sawa. Joanitha aliijua hiyo sawa tangu utotoni, na haikumpa amani hata kidogo.

Jumamosi wageni walifika. Sebuleni nyasi laini zilikuwa zimetandikwa na mikeka juu yake. Joanitha alikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia, kwa sababu binti anayeposwa hatoki mpaka aitwe. Alisikia viatu vya wageni. Alisikia vitenge vikichakacha, kisha mifupa ikilia moja baada ya nyingine, kisha sauti za wanawake wakisalimia kutoka chini. Walikuwa wameshuka wote.

Ta Mutalemwa, baba mkubwa wa Jovin na msemaji wa wageni, aliitikia kwa heshima. "Inukeni, mama zetu," alisema.

Hakuna aliyeinuka. Badala yake Ma Benadeta aliuliza habari za nyumbani. Nyumbani ni wazima. Akauliza habari za ng'ombe. Ng'ombe hawajambo. Speciose akadakia na mvua, mwingine akauliza kahawa imezaaje, mwingine mnyauko wa migomba umefikia wapi. Ta Mutalemwa alijibu yote, akawaambia tena wainuke, na Ma Benadeta akauliza habari za padri wa parokia yao. Kisha Speciose akauliza ng'ombe tena.

Nyuma ya pazia Joanitha alielewa. Wale hawakuwa wanasalimia. Walikuwa wamekwama.

Akawaza: wacha wakome, niliwaambia. Akawaza hivyo kwa muda mfupi sana, kwa sababu sauti ya mama yake ilikuwa imeanza kutetemeka kwenye habari za padri. Akafunua pazia akatoka.

Joanitha alipiga magoti kando ya mama yake, akawaamkia wageni shikamoo, kisha akauchukua mkono wa mama yake akauzungusha shingoni mwake, akamkumbatia, akainuka naye. Ma Benadeta alikuwa mzito na alikuwa analowa jasho.

"Nani kakuita?" alimnong'oneza sikioni, kwa hasira.

"Goti lako."

Akamkalisha kitini. Akarudi kwa Speciose, akamkumbatia, akamwinua. Akaenda hivyo mpaka mwisho wa mstari, mgongo unamuuma, kitenge kipya kimejikunja, na mashavu ya kila mmoja yananukia mkaratusi.

Ta Mutalemwa alikohoa. Alisema amekwenda posa nyingi, ila hajawahi kuona binti anayewakumbatia mama zake wote mbele ya wageni kabla hajaitwa. Akasema Kibingo wamepata mtu. Ma Benadeta aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, kana kwamba ndivyo alivyopanga tangu mwanzo, na Joanitha alitamani kupiga kelele.

Kahawa ya kutafuna, zile buni kavu za kukaribishia wageni, ilipoanza kupitishwa, mama yake Jovin, Ma Yudesi, alijiburuta kwenye mkeka mpaka kwenye kiti cha Ma Benadeta. Aliongea chini chini, lakini Joanitha alikuwa karibu.

"Mwenzangu, hii harufu ya mkaratusi. Nimesikia huku mna dawa ya magoti. Mimi hapa nilipokaa sijui nitainukaje."

Ma Benadeta alimtazama binti yake. Hakumtazama kwa muda mrefu. Akapeleka mkono nyuma ya kiti, akatoa kopo jipya, lile la kweli.

"Joanitha," alisema. "Lete kijiko."

Joanitha alikwenda jikoni. Alisimama mbele ya vyombo, akapumua, akachagua kijiko kidogo kuliko vyote. Kisha akarudi akapiga magoti mbele ya mkwe wake.

"Shikamoo, Mama," alisema. "Kabla sijakugawia. Unaumwa tumbo? Kuna vidonge vyovyote unavyomeza? Na kuna mtu yeyote huko Kibingo unayefikiria kumpa?"

Ma Yudesi aliangalia pembeni.

"Dada yangu tu," alisema.